Chembe Ndani ya Moyo

Kwa siku moja mafigo ya mtu mzima huchuja lita 180 hivi za majimaji ya damu, na ndani yake mna chumvi kiasi cha kilo moja na nusu. Karibu yote hurudishwa mwilini. Inayotoka na mkojo ni gramu chache, takriban sawa na iliyoliwa. Ni nani anayeyapa mafigo hesabu hiyo?

Upande wa kuzuia ulipata jibu mwaka 1953, pale Sylvia Simpson na James Tait wa London, pamoja na kundi la Tadeus Reichstein kule Basel, walipoitenga aldosteroni, homoni inayoamuru figo ibakize sodiamu ya chumvi. Upande wa kutoa ulibaki gizani.

Mwaka 1956 mtafiti Bruno Kisch alitazama moyo kwa hadubini ya elektroni, akaona chembe nyeusi ndani ya seli za vyumba vya juu. Zilifanana na zile za tezi zinazotoa homoni. Lakini moyo ni msuli wa kusukuma damu. Wengi waliziona, wakazieleza, wakapita.

Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Kingston, Kanada, hakupita. Miaka ya 1970 aliitumia kwa kazi isiyo na shangwe: kuzitia chembe hizo rangi, kuzitenga, kuzipima. Hakukimbilia kutangaza kwamba ni homoni. Alibadilisha kwanza maji na chumvi mwilini mwa panya, kisha akarudi kuzikagua, na mwaka 1979 akaonyesha kwamba wingi wake nao hubadilika. Hapo ndipo alipopata pa kushika.

Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 1981, linanivutia kwa wepesi wake. Yeye na wenzake walisaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya, wakadunga mchujo wake mshipani mwa panya wengine waliolazwa usingizi. Muda mfupi tu, sodiamu kwenye mkojo ikapanda zaidi ya mara 30, na mkojo wenyewe ukaongezeka mara kumi. Ila ninaloliheshimu kuliko tarakimu hizo ni sindano ya pili. Walisaga pia vyumba vya chini, visivyo na chembe zile, wakadunga vivyo hivyo. Figo hazikutikisika. Bila sindano hiyo, mtu angeweza kudai kwamba nyama yoyote ya moyo iliyosagwa ingefanya hivyo.

Baadaye homoni yenyewe ilitengwa: kwa binadamu ni mnyororo wa asidi amino 28. Damu ikizidi, kuta za vyumba vya juu hutanuka na kuimwaga. Figo huchuja zaidi, hurudisha sodiamu kidogo, na aldosteroni hupunguzwa. Chumvi hutoka, maji huifuata. Mwaka 1988 watafiti wa Japani walimpata ndugu wa homoni hii ya moyo katika ubongo wa nguruwe, na leo madaktari humpima katika damu ya mgonjwa anayehema kwa shida, wajue kama moyo wake umeelemewa.