Mtumwa wa Talanta Mbili

Katika mfano wa talanta alioandika Mathayo, watumwa ni watatu. Wahubiri wetu hupenda kumsifu yule aliyepewa tano, na hupenda zaidi kumkemea yule aliyefukia moja ardhini. Lakini huyu wa katikati, aliyepewa mbili akaleta mbili nyingine, ni mara chache tumemsikia akihubiriwa. Husimama pale kana kwamba aliwekwa ili kujaza nafasi tu. Walakini tukisoma kwa makini twaona kwamba bwana wake alimsifu kwa maneno yale yale aliyomsifia mwenzake wa tano, wala hakupunguza hata neno moja.

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu ya kitabu ambacho si cha dini. Ni Mwongozo wa Udahili, ambao Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huutoa kila mwaka, kuwaonyesha vijana waliomaliza kidato cha sita ni masomo gani yafundishwayo katika kila chuo kikuu, na ni alama zipi zitakiwazo. Vijana wetu wa Karagwe na Kyerwa hukitazama kitabu hiki katika simu, matokeo ya mtihani yakiisha kutangazwa, nayo kwa kawaida hutangazwa mwezi wa Julai. Sisi walimu tumekisoma mwaka kwa mwaka. Leo twapenda kukipima mbele ya wasomaji wetu kama ipimwavyo kahawa mbele ya mwenye shamba: tuseme uzuri wake, tuseme na upungufu wake, kisha tuseme upungufu wetu sisi tunaokisoma.

Uzuri wake hauna budi kutangulia. Wazee wetu wakumbuka kwamba kabla ya mwaka 1961 nchi yetu haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na kijana aliyetaka elimu ya juu alivuka mpaka kwenda Makerere katika Uganda. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka ule, kilianza na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Siku zile chekeche lilikuwa na matundu madogo sana, na aliyepita alikuwa wa kwanza kweli. Leo Mwongozo huorodhesha vyuo zaidi ya 40 na programu zaidi ya 800; na mwaka 2024 nafasi zilizotangazwa zilizidi 180,000. Tena masharti yameandikwa wazi. Mtoto wa Murongo asoma sharti lile lile asomalo mtoto wa Dar es Salaam, wala hahitaji kumjua mkubwa fulani ili aambiwe. Hilo ni jema kubwa, nasi twalishukuru.

Sasa tutaje upungufu. Wa kwanza ni lugha. Kitabu chote kimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma akielewa, ni vema. Lakini anayelipa ni baba yake, na anayeuza maharage ili nauli ipatikane ni mama yake. Hawa wawili hawana njia ya kukisoma kitabu ambacho mali yao itatumika kwa neno lake. Humwamini mtoto, na mtoto naye, kwa kuogopa kuwavunja moyo, husoma yale wapendayo kusikia.

Upungufu wa pili ni wa hesabu, nao si wa kitabu hiki peke yake. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4 na E kuwa 5. Hujumlisha masomo matatu ya tahasusi, na mwenye jumla ndogo ndiye aliyeshinda: pointi 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu. Tume ya Vyuo Vikuu yaigeuza mizani hiyo juu chini. Kwake A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwenye jumla kubwa ndiye atangulie. Kima cha chini kwa wengi ni pointi 4 katika masomo mawili yanayoihusu programu. Basi mzazi aambiwapo asubuhi kwamba mwanawe ana pointi 13, na jioni kwamba ana pointi 4, hajui acheke au alie.

Tutoe mfano. Vijana wawili wamepata Daraja la Tatu. Wa kwanza ana D, D na E, yaani pointi 13 za Baraza. Wa pili ana E tatu, yaani pointi 15. Kijijini huitwa kwa jina moja, na huhurumiwa kwa huruma moja. Lakini mbele ya Tume yule wa kwanza ana 2 na 2, jumla 4, naye aweza kubisha hodi katika chuo kikuu. Wa pili ana 1 na 1, jumla 2, na hodi yake haitaitikiwa mwaka huu. Ndiyo maana twasema kwamba daraja halitoshi kumwambia mtu njia yake. Atazame herufi, tena atazame ni za masomo gani.

Upungufu wa tatu ndio mkubwa, na hapa twaingia wenyewe katika lawama. Mwongozo hutaja kima cha chini cha kuomba. Hausemi ni nani watakaopokelewa. Kima cha chini ni kama kizingiti cha nyumba ya arusi: aliyevuka kizingiti amefika uani, lakini viti vikiwa 50 na wageni 1,000, wengi watarudi bila kukaa. Mfano ulio wazi ni shahada ya udaktari. Katika Miongozo ya miaka ya karibuni sharti lake limekuwa walau D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani pointi 6 kwa jumla. Lakini waombaji wenye A na B ni wengi kuliko nafasi, na wao ndio watangulizwao.

Twamjua kijana mmoja wa upande wa Kyerwa aliyepata C katika Biolojia, D katika Kemia na D katika Fizikia. Ni Daraja la Pili, pointi 11. Kazi ya haki ya mtoto aliyesoma kwa taa ya sola. Kwa hesabu ya Tume alikuwa na pointi 7, akazidi kima cha udaktari kwa pointi moja. Nyumba ilijaa shangwe. Ukoo ulikwisha kumwita daktari. Baba akauza sehemu ya kahawa yake butura, yaani ingali mtini, kwa bei ambayo yeye mwenyewe aliijua kuwa ni ya hasara, ili apate ada za maombi na maandalizi ya safari. Kijana akaomba udaktari katika vyuo vitatu, wala hakuomba kitu kingine. Awamu ya kwanza ikapita, jina lake halikuonekana. Awamu ya pili vivyo hivyo. Alipotaka kuomba kingine, fedha zilikuwa zimekwisha, na aibu ilikuwa imemfunga kinywa. Mwaka mzima hakuja kanisani ila siku za sikukuu, kwa maana kila mtu alimwuliza, ‘Daktari, bado uko hapa?’

Ni nani aliyemwangusha? Si mtihani, kwa maana alishinda. Si Tume, kwa maana haikumdanganya. Twaona kwamba tulimwangusha sisi. Katika kitabu kile kile, mbele ya kila programu, pamejaa habari ambayo hakuna aliyemsomea: idadi ya nafasi. Zipo programu zenye nafasi chache, na zipo zenye nafasi mamia. Ualimu wa sayansi, kilimo, mifugo na misitu vilikuwa vyawezekana kwa herufi zake. Mwaka uliofuata aliomba kilimo, akachaguliwa katika awamu ya kwanza. Nasi twauliza: katika wilaya hizi ambazo migomba yake imepigwa na mnyauko, na kahawa yake ndiyo karo ya watoto, mtaalamu wa mimea ni mtu mdogo kwa kipimo gani? Mwaka ule mmoja na kahawa ile ya butura vililipwa kwa ajili ya neno ‘daktari’ tu.

Yatupasa kukiri kwamba vijiji vyetu vyajua wanafunzi wa namna mbili tu, aliyeongoza na aliyeanguka. Aliyeongoza hupewa kuku na wimbo. Na tangu mwaka 2022 serikali nayo imeweka ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, jambo jema kabisa. Aliyeanguka hupewa huruma na mashauri mengi. Lakini huyu wa katikati, ambao ndio wengi, hapewi wimbo wala shauri. Hudhaniwa kwamba atajua mwenyewe. Kwa binti hasara ni kubwa zaidi, maana mwaka mmoja wa kukaa nyumbani waweza kuwa mwisho wa masomo yake.

Labda msomaji atatuambia: Ninyi walimu mwawafundisha watoto kuridhika na kidogo. Hapana. Mtumwa wa talanta mbili hakuridhika. Alikwenda, akafanya biashara, akarudi na faida. Hakupoteza siku zake akitamani tano za mwenzake. Wala hatusemi kwamba shahada ni ahadi ya kazi; twawaona wengi wenye shahada ambao wangali wanatafuta. Kwa sababu hiyo hiyo twasema kijana achague kwa akili na si kwa sifa.

Basi haya ndiyo mashauri yetu. Kwanza, mzazi asikubali kusomewa kima cha chini peke yake. Na aulize, ‘Nafasi ni ngapi?’ Pili, kijana asiweke mayai yote katika kapu moja. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa katika kila chuo chenyewe, na kila chuo kina ada yake. Kwa hiyo fedha zikiwa chache, aombe penye tumaini pamoja na penye uhakika zaidi. Tatu, aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri aliyopewa, na ndani ya siku zilizowekwa. Asiyethibitisha hupoteza nafasi aliyokwisha kupata, na kwa kijana ambaye simu yake yakamata mtandao kilimani tu, siku hizo ni fupi. Nne, kuchaguliwa chuoni si kupata mkopo. Maombi ya Bodi ya Mikopo ni safari nyingine, yenye cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na muhuri wa serikali ya kijiji, na haifai kungojea hata jina litoke.

Tena asidharau njia ndefu. Yule mwenye E tatu hakufungiwa milele. Aweza kusoma stashahada, na akiimaliza kwa wastani wa 3.0, Tume humruhusu kuomba shahada, mradi awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Mtabibu na muuguzi wanaowatibu wazee wetu katika hospitali ya Nyakahanga hawaulizwi na mgonjwa walipita njia gani. Huulizwa tu kama wanaijua dawa.

Kwa Tume twaomba jambo moja: Mwongozo utolewe pia kwa Kiswahili, na mbele ya kila programu iandikwe ni alama zipi alizokuwa nazo mtu wa mwisho kupokelewa mwaka uliotangulia. Mstari huo mmoja ungeokoa kahawa nyingi mitini. Kwa walimu wenzetu na wazee wa makanisa twaomba jambo dogo zaidi. Jumapili moja ya mwezi wa Julai, baada ya ibada, wakae mezani chini ya mti pamoja na watoto wa Daraja la Pili na la Tatu na wazazi wao, wakisome kitabu hicho kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, safu kwa safu.

Bwana alipowaita watumwa wake kutoa hesabu, hakumwuliza wa pili kwa nini hakupewa tano. Alimwuliza alichofanya kwa zile mbili. Siku ile mtoto wa katikati atakapoulizwa hivyo, yasije yakawa majibu yake kwamba alitaka kuzitumia, lakini hapakuwa na mtu wa kumwonyesha soko.