Kiwakilishi Husimama Badala ya Nini?

Mwulize mwanafunzi tofauti ya nomino na kiwakilishi, naye atajibu bila kusita: nomino hutaja mtu, kitu, mahali au dhana, kiwakilishi husimama badala ya nomino. Hupewa alama zote. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya pili ya jibu hilo ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo humgharimu mwanafunzi wetu anapojifunza Kiingereza.

Fasili hii si ya kwetu. Ilianzia kwa wanasarufi wa Kigiriki. Warumi wakaiita aina hii ya neno *pronomen*, yaani badala ya jina. Kiingereza kikairithi, nasi tukaipokea. Hata huko ilikotoka haitoshi. Juma akisema "Mimi nimechoka", neno "mimi" halikuchukua nafasi ya "Juma". Angesema "Juma amechoka", tungedhani anamzungumzia Juma mwingine. "Mimi" na "wewe" huonyesha nani anasema na nani anaambiwa. Hazibadili nomino yoyote.

Tumwangalie sasa mwanafunzi wa Asiatique, mjini Bujumbura. Katika mtaa huu, kama ilivyo kwa jirani zao wa Buyenzi, Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya dukani. Kirundi kimemzunguka, Kifaransa anakikuta shuleni, na Kiingereza, kilichofanywa lugha rasmi ya Burundi mwaka 2014, kinamsubiri. Kwa Kiswahili husema "Mtoto analia", na kwa Kirundi "Umwana ararira". Katika sentensi zote mbili nomino ipo, na kiambishi *a-* kipo pia. Hakikusimama badala ya nomino, kimefuatana nayo. Nomino ikiondoka, *a-* hubaki na sentensi husimama: "Analia."

Kiingereza sanifu cha maandishi hakifanyi hivyo. Ni "The child is crying" au "He is crying", si vyote viwili. Mwanafunzi akiandika "The child he is crying", ameutafutia *a-* mahali pake. Akiandika "Is crying", amekumbuka kwamba kwao "yeye" si lazima. Makosa ni mawili, chanzo ni kimoja: tulimfundisha kwamba "he" ni "yeye", tukanyamaza kuhusu *a-*. Kumbe mara nyingi kinacholingana na "he" ni hicho kiambishi. "Yeye analia" ina mkazo ambao "He is crying" ya kawaida haina.

Kuna pia suala la jinsia. Kiingereza huchagua "he" au "she" kwa kutazama uume na uke. Kiswahili na Kirundi hutazama ngeli. Kwa hiyo "My mother, he..." si uzembe wa mwanafunzi. Anahamisha *a-* isiyobagua. Kwa upande mwingine, "it" moja ya Kiingereza hugawanyika kwetu: kiti *ki*mevunjika, jembe *li*mevunjika, mti *u*mevunjika.

Tatu, umbo pekee halitoshi kuainisha neno. Katika "kitabu changu", neno "changu" ni kivumishi. Katika "Changu kimepotea", ni kiwakilishi. Kiingereza hutumia "my" na "mine", maneno mawili tofauti. Kwetu kazi ya neno katika sentensi ndiyo huamua.

Wapo watakaosema fasili ya zamani ni rahisi kwa wanaoanza. Ni kweli, lakini urahisi unaozaa makosa hauna faida. Tangu 1944, E. O. Ashton alijitahidi kukieleza Kiswahili kwa mtazamo wa lugha za Kibantu badala ya kukivisha sarufi ya Ulaya. Inashangaza kwamba katika jambo hili dogo bado tunarudi nyuma.

Napendekeza tufundishe mambo matatu, si mawili: nomino hutaja; kiambishi cha nafsi au cha ngeli hukaa ndani ya kitenzi na kurejelea kinachotajwa, nomino iwepo isiwepo; kiwakilishi huru, kama "yeye", husimama peke yake, mara nyingi kwa mkazo au ulinganishi. Kisha mwalimu aandike ubaoni "Watoto wamekula", afute "Watoto", na aulize darasa: nani amekula, na umejuaje? Wakishaonyesha *wa-* kwa kidole, Kiingereza kitakuwa na mahali pa kuanzia.