Diski mpya si lazima iwe diski tupu



Kuna neno moja tunalitumia ovyo kwenye mambo ya kompyuta: "tupu." Mtu anaunda mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta ingine, anaipa diski ya giga 40, anasema iko tupu. Mwingine anafuta mafaili yake, anamwaga kikapu cha takataka, naye anasema tupu. Mtu akikuambia shamba halina kitu juu tu halijapandwa, wewe wa kilimo utacheka. Mbegu za striga zinaweza kulala udongoni miaka mingi zikingoja mahindi. Diski nayo iko vile vile.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Ukifuta faili, mara nyingi kinachofutwa ni jina lake kwenye rejista ya diski. Maneno yenyewe yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sasa ukiunda diski ya mashine pepe, unakata kipande cha diski ya kweli. Swali ni hili: mashine ikisoma sehemu ambayo haijaandika kitu bado, itapata nini?

Kuna njia safi. Ukiunda diski kama faili ya qcow2 ya QEMU juu ya mfumo wa kawaida wa mafaili, sehemu ambayo haijaandikwa inajibiwa kwa sifuri. Haihitaji kujaza chochote, na faili inabaki ndogo. Lakini ukiipa mashine kipande cha diski ghafi, kwa mfano sehemu ya kawaida ya LVM, bila kusafisha, inaweza kusoma yale aliyeitumia mbele aliacha. Hakuna udukuzi hapo, hakuna neno la siri lililovunjwa. Anasoma tu diski aliyopewa.

Hii imetokea. Mwaka 2012 watafiti wa Context, kampuni ya Uingereza, walitangaza kwamba walikuwa wamekodi mashine pepe kwa watoa huduma wanne. Kwa wawili kati yao, Rackspace na VPS.net, walikuta mabaki ya wateja wengine. Mwaka 2013 ikawa zamu ya DigitalOcean ya Marekani. Mteja aliyefuta mashine yake kwa kupitia programu alipaswa kuomba yeye mwenyewe kwamba diski isafishwe. Asipoomba, data zake zingeweza kumfikia mteja aliyefuata. Baada ya kelele za watu, kampuni ikafanya usafi kuwa jambo la kawaida bila kuombwa.

Hapa njo ninapokosoa. Tatizo la DigitalOcean halikuwa kukosa njia ya kusafisha. Njia ilikuwepo. Walichokosea ni kuchagua kwamba mteja asiyesema kitu amekubali data zake zibaki. Chombo kizuri hufanya kinyume: asiyesema kitu analindwa, na anayetaka haraka njo aseme mwenyewe. Wengi wetu hatusomi maelezo yote. Ukiacha usalama utegemee mtu kukumbuka alama moja ndogo, umeshaamua kwamba wengi hawatalindwa.

Lakini tusinyooshe kidole Marekani tu, juu hata sisi tunaunda picha za diski na kupeana. Tuchukue mfano. Kundi linaandaa mashine pepe yenye QGIS na R kwa ajili ya uchunguzi wa wakulima katika bonde la Ruzizi. Wanafanya kazi, wanafuta orodha, halafu wanatoa picha ya diski na kuiweka kwenye flashi kwa wadogo wao wa promosheni inayofuata. Ndani ya "nafasi tupu" ya ile picha, orodha bado iko: majina, namba za simu, kijiji, idadi ya ng'ombe, ukubwa wa shamba, na alama ya GPS ya nyumba. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuirudisha.

Sasa mufikirie hiyo orodha ni ya wapi. Sisi wa Mutarule tunakumbuka usiku wa tarehe 6 Juni 2014, makumi ya watu waliouawa. Sisemi orodha yoyote ilihusika. Nasema kwamba mahali ambapo ardhi, ng'ombe na kabila vinaweza kumgharimu mtu maisha, kujua nani anakaa wapi na ana nini si jambo dogo. Mkulima alitupa jina lake juu alituamini. Na tangu 13 Machi 2023 Kongo iko na Sheria ya mambo ya dijitali, inayogusa pia ulinzi wa data za watu. Tusingoje hakimu atukumbushe.

Wengine watasema: umeme wa Uvira unajulikana, nani ana muda wa kujaza diski na sifuri? Tupige hesabu. Giga 40 kwa mwendo wa mega 100 kwa sekunde ni kama dakika 7. Na kwa diski mpya ya qcow2, nimeshasema, hakuna cha kujaza. Kisingizio cha umeme hakisimami.

Basi tufanye hivi. Kwanza, data za watu zikae kwenye diski ya pembeni, zisiingie kamwe kwenye picha ya kugawa. Pili, picha ya kugawa itengenezwe upya, kutoka mashine ambayo haijagusa data. Tatu, kama lazima utoe ile iliyotumika, safisha nafasi iliyoachwa: zerofree kwa Linux, SDelete na chaguo lake la "-z" kwa Windows. Halafu ipitishe kwenye qemu-img convert, na picha itapungua pia. Angalia na picha za akiba za zamani ndani ya mashine, juu hizo zinatunza kila kitu ulichodhani kimeondoka. Nne, usichukue diski nzima ya kompyuta ya okazioni na kuigeuza picha ukidhani ni safi. Garfinkel na Shelat, watafiti wa Marekani, walichunguza diski 129 za mitumba. Kwenye ripoti yao ya 2003, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa.

Kwa hiyo mtu akikupa picha ya diski na kukuambia iko tupu, muulize swali moja tu: nani aliisafisha, na kwa njia gani? Akikosa jibu, usiigawe.