"Maisha" ya Zawose Queens na Masikio ya Wasikilizaji

Albamu iitwayo Maisha, iliyotolewa mwaka 2024 na kampuni ya Real World ya Uingereza, ni kazi ya Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa marimba ya Kigogo aliyefariki mwaka 2003. Zamani katika muziki wa ukoo huo wanawake walizoea kuitikia tu. Hapa ndio watungaji, waimbaji wakuu na wapigaji wa ala.

Sauti zao hupandana, moja ikishika njia na nyingine ikiizunguka, hata moyo ukaguswa kabla akili haijauliza maana. Mitambo ya kisasa iliyotiwa chini ya marimba na ngoma mara nyingi yasaidia, ingawa pengine yaongeza uzito pasipohitajika.

Wahakiki wa Uingereza waliipokea kwa sifa, lakini sifa hizo zilielekea sauti kuliko maneno. Wala upungufu huo si wa wageni peke yao. Hata msikilizaji wa Kolo, katika mkoa ule ule wa Dodoma, akiwa Mrangi huenda akasisimka bila kufahamu Kigogo kinachoimbwa. Albamu ina jina la Kiswahili, ambalo kila mmoja alielewa. Yaliyo ndani hayakumfikia kila mmoja.

Basi nyimbo hizi zastahili kuandikwa kwa Kigogo chake na kufasiriwa kwa Kiswahili. La sivyo, wanawake hawa waliotoka katika kiitikio wakashika utungo watakuwa wamesikika, wala hawajasikilizwa.