Papa Metre na Mabwawa ya Kasumbalesa

Kazi ilianza kwa shimo. Saa moja asubuhi, jua likiwa bado la upole, kijana mmoja alishuka bondeni na jembe na beleshi akachimba mpaka shimo likamfika kiunoni. Papa Metre, jina alilopewa na watoto kwa ajili ya futikamba asiyoachana nayo, alikuwa amechuchumaa ukingoni akipokea mkononi udongo wa kila tabaka. Wa juu ulikuwa mweusi, umejaa mizizi. Uliofuata ulikuwa wa kijivu, na chini yake ukatoka mwingine wenye madoa mekundu kama kutu ya bati. Huo wa mwisho aliulowesha kidogo, akaufinyanga ukawa mpira wa kadiri ya chungwa, akaurusha juu nusu mita na kuudaka. Haukumeguka. Akaurusha mara ya pili, mara ya tatu, kisha akauvunja mwenyewe kwa kidole gumba ili aone jinsi unavyopasuka ndani.

“Jaza,” akasema. Bidoni la njano likaenda na kurudi kijitoni mpaka shimo likafurika. Tukaliacha hapo, tukaenda kwenye kazi nyingine.

Wengi wanaijua Kasumbalesa kwa barabara. Ni mji wa Kongo ulio mpakani, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, na malori ya shaba na kobalti hujipanga pale foleni ndefu kuingia Zambia. Yanayokuja huku hubeba unga wa mahindi, saruji, na makatoni ya samaki walioganda waliovuliwa baharini Namibia, mbali kabisa na hapa. Samaki huyo ndiye anayeliwa pamoja na bukari, yaani ugali, katika nyumba nyingi za mji. Ila ukiiacha lami ukashika njia ya baiskeli katikati ya miti ya miombo na vichuguu virefu kuliko nyumba, utafika kwenye mabonde yenye nyasi na chemchemi, na ndani ya mabonde hayo kuna mabwawa ambayo hayamo katika daftari la mtu yeyote. Hayo ndiyo yaliyomleta Papa Metre. Kazi yake ni kuyatafuta, kuyapima na kuyaandika: lipi lina maji, lipi limekufa, lina ukubwa gani, lina samaki gani, na chini yake pana nafasi ya kuchimba jingine au hapana.

Nchi hii imeshawahi kuwashughulisha wapimaji. Mkataba wa 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru la Kongo ulisema mpaka wa upande huu ufuate mgawanyo wa maji, yaani ule mgongo wa nchi ambapo mvua inayoanguka kaskazini huelekea Luapula, Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki, na inayoanguka kusini huingia Kafue, kisha Zambezi, hadi Bahari ya Hindi. Ilibidi tume ya Waingereza na Wabelgiji itembee juu ya mgongo huo kuanzia 1911 hadi 1914 ikisimika alama, kwa sababu kwa macho matupu nchi inaonekana tambarare. Nilimkumbusha Papa Metre habari hiyo. Akacheka. “Njo vile,” akasema kwa Kiswahili chetu cha Katanga, “hapa jicho inaongopa sana.”

Ufugaji wa samaki nao si mgeni huku. Nje kidogo ya Lubumbashi kuna Kipopo, kituo ambacho Wabelgiji walikijenga kwa utafiti wa mabwawa, na mwaka 1949 wataalamu wao na wenzao wa Kiingereza walikutana mjini, enzi hizo ukiitwa Elisabethville, wakajadili mambo ya samaki wa kufuga. Tilapia wa asili ya maji yetu, anayeitwa macrochir na wanasayansi, alisafirishwa kutoka Katanga miaka ya 1950 hadi Madagascar. Ilipokaribia 1960, Kongo nzima ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000, mengi yake yakiwa yamechimbwa kwa amri. Baada ya uhuru mengi yaliachwa yakaota matete. Samaki walikuwa wamezaana wakasongamana, wakabaki wadogo kama kidole, na mtu hawezi kutunza kwa moyo bwawa alilochimba kwa kulazimishwa. Kwa hiyo mtaalamu anayeingia kijijini leo na futikamba anaangaliwa kwanza, tena kwa makini, kabla ya kukaribishwa kiti.

Papa Metre anajua hilo, wala hatoi chombo chochote mfukoni kabla ya kuketi. Mama mwenye mabwawa matatu ya bonde lile alituletea kigoda na benchi. Maswali yakaanza polepole. Mama, hii bwawa ilichimbwa mwaka gani? Nani alichimba? Mwezi wa kumi maji inafika wapi? Samaki mulivua mara ya mwisho lini, na wa kula walikuwa wangapi, wa kuuza wangapi? Mama akajibu akitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, bila kuacha mchi. Kuhusu ukubwa hakuwa na shaka: “Ya kwanza ni metre makumi mbili kwa kumi na tano, Papa.” Mzee akaandika hivyohivyo, kwa penseli. Wino ukilowa hukimbia, na yeye hushinda majini.

Hatua ya kwanza ni maji yenyewe. Tulikuwa mwishoni mwa Septemba, mvua bado, na yeye huchagua majira hayo makusudi: kipimo cha Machi kinampendeza mwenye bwawa, cha Septemba ndicho kinachomwambia kama samaki watafika Novemba. Penye mfereji wa kuingizia alikita kipande cha bomba, akaziba pembeni kwa udongo mpaka maji yote yakapita ndani ya bomba, akaweka chini yake ndoo ya lita 10, saa ikiwa mkononi. Sekunde 8. Akamwaga, akarudia: 9. Akarudia: 8. Wastani wake ni lita moja nukta mbili kwa sekunde, ambayo kwa siku nzima ni zaidi ya lita 100,000. Chemchemi ambayo mtoto angeiruka bila kujua ameruka kitu!

Alipanda hadi juu ya chemchemi pia. Katika ukanda wa shaba, kujua maji yanatoka wapi ni lazima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechunguza kwa miaka metali katika maji na samaki wa maeneo ya migodi, na mpimaji mwenye akili hasemi “maji mazuri” kwa kuwa tu yanang’aa. Karatasi ya kupimia asidi ilimpa 6.5, akaandika. Kuhusu shaba hakuandika neno. Alisuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, akaijaza pomoni pasipo kubakiza hewa, akabandika namba, ipelekwe maabara.

Kisha futikamba. Bwawa la Mama halikuwa la mraba. Kuta zilikuwa zimemeguka huku na kuvimba kule kwa miaka, na kona moja ilikuwa imeliwa kabisa. Mtu mwenye haraka angepima urefu mmoja na upana mmoja, akazidisha, akaenda zake. Papa Metre alinyoosha kamba katikati ya bwawa, kutoka ukuta wa juu hadi wa chini, akapata mita 20 kamili, kama Mama alivyosema. Halafu kila mita 4 akapima upana, akihakikisha kamba ya pili inaikata ya kwanza kama msalaba uliosimama sawa, bila kuinama. Alivuta mpaka kamba ikaacha kulegea, akangoja upepo upite, ndipo akasoma kwa sauti: 9. Halafu 11.2. Halafu 13, 14.1, 13.4, na mwisho 10.6. Akapiga hesabu juu ya goti: upana wa kwanza na wa mwisho akauchukua nusu, mapana ya katikati yote, jumla mara 4. Mita za mraba 246. Ari mbili na nusu kasoro kidogo, wakati Mama aliamini ana ari tatu, yaani mita za mraba 300.

Hiyo tofauti ina uzito. Ukiweka vifaranga wawili kwa kila mita ya mraba, bwawa la kuaminiwa lingepewa 600, na hili la kweli linabeba 492. Wale 108 wa ziada ndio mwanzo wa samaki wa kidole.

Kina alikipima akiwa ndani ya maji, suruali imekunjwa, kwa mti ulionyooka wenye alama kila sentimita 5. Chini ya mti alikuwa amepigilia kibao kipana kama kiganja. Nikauliza cha nini. Mti wenye ncha, akasema, unazama kwenye tope na kukupa kina ambacho samaki hana. Alipima mahali 15 kwa mistari mitatu. Wastani: sentimita 64. Pembeni mwa ukuta wa chini alipapasa kwa vidole mpaka akapata tundu la kaa, kisha la pili. Akayachomekea vijiti ili Mama ayaone mwenyewe.

Penye kutolea maji hapakuwa na kitu isipokuwa bomba lililozibwa kwa gunia. Mahali kama hapo Wabelgiji walikuwa wakijenga kijinara cha matofali chenye mbao za kupandisha na kuteremsha maji, na wazee bado wanakiita kwa Kifaransa, moine, mtawa, pengine kwa vile kinasimama peke yake bila kusema. Na ukitaja mtawa, kuna padre pia. Sahani ya bati nyeusi na nyeupe ambayo Papa Metre aliifunga kwa uzi, akaizamisha mpaka ikapotea machoni ili apime uangavu wa maji, asili yake ni padre Mwitaliano, Angelo Secchi, aliyezamisha sahani nyeupe katika Mediterania mwaka 1865 akiwa kwenye meli ya Papa wa Roma. Hapa ilipotea kwenye sentimita 27. Maji ya kijani, yenye chakula. Ila kwa kumfundisha Mama hakutumia sahani. Alimwambia atumbukize mkono mpaka kiwiko: kiganja kikipotea maji yanapofika kiwikoni, mbolea inatosha, kikionekana, aongeze samadi kwenye zizi la vijiti lililo pembeni mwa bwawa, kikipotea mapema, aache.

Jua lilikuwa la utosi waliposhuka vijana wawili na wavu. Mzee alilowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humchubua samaki ute wake. Tilapia 30 waliingia ndoo yenye maji iliyokwisha kupimwa. Mzani ukapanda kwa kilo 1 na gramu 950, yaani gramu 65 kila mmoja. Walikuwa na miezi mitano. Mama akauma mdomo. “Walipita Juni na Julai,” mzee akamwambia, “baridi ikiwa kali samaki anafunga kinywa.” Akamwonyesha pia vifaranga waliojaa ncha ya wavu, wadogo kama mbegu za boga. Hao hawakuwekwa na mtu. Akashauri avue wote mwezi ujao, abakize wachache, aanze upya. Mama hakuahidi.

Alasiri yote tuliimaliza kwa mpira wa maji, na hapo ndipo nilipokiona kipaji chake. Ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji, na fimbo mbili zenye alama. Maji ndani ya mpira husimama usawa uleule ncha zote mbili, hata katikati kukiwa na kichuguu. Kazi nzima iko kwenye mapovu. Povu moja likijificha, kipimo chote ni uongo. Aliuinua mpira kipande kwa kipande dhidi ya mwanga, akiugonga kwa kucha, akilisindikiza kila povu mpaka mlangoni. Dakika kumi nzima. Kijana wa upande wa pili akaanza kusoma namba. “Pole pole, mwana. Maji haiyasimama bado.” Tukangoja maji yaache kuchezacheza. Kutoka shimo letu la asubuhi kuteremka bondeni, hatua nne za mita 10, ardhi ilishuka sentimita 31, kisha 28, kisha 33, kisha 28. Jumla mita 1.20 kwa mita 40, asilimia 3. Akarudi kupima kwenda juu, hatua zilezile nne, apate kujua kama jibu linafanana. Ilitoka 1.21. Hiyo moja aliiandika pia.

Saa kumi na moja jioni tulirudi shimoni. Maji yalikuwa yameshuka hadi nusu. Nilidhani mahali pamefeli. Yeye hakushtuka: udongo mkavu hunywa kwanza. Likajazwa tena mpaka mdomoni, akalifunika kwa matawi yenye majani mengi, jua na upepo visije vikaiba kisha lawama ikaangukia udongo. Akachomeka kijiti chenye mkato usawa wa maji, tukaenda kula.

Saa kumi na mbili asubuhi aliondoa matawi moja moja, akapiga goti, akaweka rula kutoka kwenye mkato hadi kwenye maji. Mama alikuwa amekuja pia, na kitenge mabegani kwa umande. Penseli ikaandika: saa 13, sentimita 6.

“Inakaa,” akasema.

Kisha akamwomba kijana alifukie shimo lile kabla hatujaondoka, watoto wasije wakatumbukia.