Kuwaka si Kuanza: Uhakiki wa Istilahi za Kuanzisha Linux kutoka USB katika Vifaa vya ARM

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu huria inaweza kutumia Kiswahili sanifu. Hata hivyo, ufanisi huo ulihusu menyu na madirisha, yaani pale ambapo kompyuta imekwisha kuwa tayari. Uhakiki huu unashughulikia ngazi ya chini yake: kipakiaji, programu ndogo inayotafuta kiini cha Linux na kukiweka kwenye kumbukumbu. Hoja ya msingi ni kwamba kitenzi "kuwasha", kilichozoeleka kutumika kwa mchakato wote, kinaficha hatua ambayo mtumiaji anahitaji zaidi kuielewa.

Udhaifu huo unadhihirika katika Raspberry Pi. Maelekezo "washa kifaa kwa USB" yana maana mbili, kwa kuwa Raspberry Pi 3 na 4 hupokea umeme kupitia tundu la aina ya USB. Msomaji aweza kuunganisha waya, akaona taa imewaka huku kioo kikibaki cheusi, kisha akahukumu kwamba kifaa ni kibovu. Kumbe kifaa kimewaka, ila hakijaanza.

Kuanza hutegemea mpangilio. Katika Raspberry Pi 3 Modeli B ya mwaka 2016, sharti mstari program_usb_boot_mode=1 uongezwe katika faili la config.txt na kifaa kianzishwe mara moja kutoka kadi ya SD; ruhusa hiyo ikishaandikwa haifutiki. Katika Raspberry Pi 4, mpangilio hukaa kwenye EEPROM. Thamani 0xf41 ya BOOT_ORDER husomwa kutoka kulia: 1 ni kadi ya SD, 4 ni hifadhi ya USB, na f ni kurudia mzunguko. Anayetaka USB itangulie huandika 0xf14. Vifaa vingi vingine hutumia U-Boot, ambamo kigezo boot_targets hupanga zamu hiyo.

Yapo maoni kwamba utohozi "kubuti" unatosha. Ni kweli kwamba unaondoa utata wa umeme; lakini nao unakusanya hatua zote katika neno moja. Mgawanyo wenye manufaa zaidi ni huu: kuwasha ni kupeleka umeme, kupakia ni kuleta kiini kwenye kumbukumbu, na kuanza ni mfumo kushika kazi.

Suala hili lina uzito wa pekee Chimwaga, makao ya Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Mhadhara wa TEHAMA hutolewa kwa Kiingereza, ilhali wanafunzi huelekezana kwa Kiswahili wakiwa mbele ya kifaa. Istilahi isiyotenganisha hatua humnyima mwanafunzi swali la kwanza la utatuzi: mchakato umekwama wapi? Kwa hiyo, tafsiri ya programu inayoishia kwenye madirisha humfanya mtumiaji kuwa msomaji wa mfumo, si mmiliki wake.