Jina, Mwaka na Uhakiki: Haja ya Kurekebisha Mtindo wa Marejeleo

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, huenda unaliona suala la marejeleo kuwa kazi ya karani, jambo la kumalizia tu baada ya uhakiki wenyewe kwisha. Makala hii inashikilia kinyume. Katika mtindo wa jina na mwaka, mabano yale madogo ni sehemu ya hoja, na yakikosewa hupotosha hoja nzima. Wengi wetu tunaoandika tasnifu siku hizi tunatumia LaTeX, mfumo wa kupanga chapa unaoshughulikia marejeleo wenyewe. Hata hivyo, mitindo yake ya kawaida haikuundwa kwa kuzingatia majina na vitabu vyetu. Ni juu yetu kuirekebisha.

Tatizo la Mwaka

Niliwahi kusoma tasnifu ambamo mwanafunzi alidai kwamba Shaaban Robert, katika Kusadikika, aliwalenga viongozi wa baada ya uhuru. Ushahidi wake ulikuwa nini? Mwaka uliochapwa kwenye nakala aliyokuwa nayo mkononi, nakala ya toleo la baadaye. Kusadikika ilichapishwa mwaka wa 1951, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika, naye mwandishi alifariki mwaka wa 1962. Mtu anaweza kuisoma hadithi hiyo kwa kuihusisha na tawala za leo, lakini hawezi kumtwika mwandishi dhamira hiyo. Utubora Mkulima nayo ilitoka mwaka wa 1968. Mwanafunzi asiyetahadharishwa ataihusisha na Azimio la Arusha la 1967, ilhali mwandishi alikuwa kaburini tangu miaka mitano kabla ya azimio hilo.

Katika LaTeX, kifurushi cha biblatex kina sehemu iitwayo origdate ya kuhifadhia mwaka wa toleo la kwanza. Lakini kuujaza mwaka huo kwenye faili ya marejeleo hakutoshi, kwani mtindo wa kawaida hauuchapishi. Inakubidi urekebishe makro inayochapisha mwaka ili itoe kwanza 1951 ndani ya mabano ya mraba, kisha mwaka wa nakala unayoinukuu. Hapo msomaji ataona mara moja kazi ilizaliwa lini, na ukurasa ulionukuliwa umetoka katika toleo lipi.

Tatizo la Jina

Ukiandika Mohamed (1976), unamrejelea nani? Mohamed Suleiman Mohamed ndiye aliyeandika Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed ndiye mwandishi wa Utengano na Dunia Mti Mkavu, zote za 1980. Hao ni waandishi wawili tofauti, wote Wazanzibari, na wanafunzi huwachanganya kila mwaka. Biblatex ina chaguo liitwalo uniquename. Likiwashwa, huongeza herufi za mwanzo za majina pale tu majina ya mwisho yanapofanana, tukapata M. S. Mohamed na S. A. Mohamed. Kazi mbili za mwaka mmoja nazo hutofautishwa kwa herufi: 1980a na 1980b.

Kwa Muyaka bin Haji tatizo ni kubwa zaidi. Mfumo huu huchukulia neno linaloanza kwa herufi ndogo, kama vile bin, kuwa kiambatisho cha jina la ukoo, mithili ya von ya Wajerumani. Kwa hiyo Haji hugeuzwa kuwa jina la ukoo, na mshairi wetu wa Mombasa akaitwa Haji, jina la babake, ambalo hakuna msomaji atakayemtafuta kwalo. Dawa ni rahisi: lifunge jina zima kwa mabano ya mawimbi, nalo litachukuliwa kuwa kitu kimoja na kupangwa chini ya M. Kumbuka pia kwamba diwani yake iliyohaririwa na Hichens ilitoka mwaka wa 1940, karne moja hivi baada ya kifo chake. Mwaka huo ni wa mhariri, si wa mshairi.

Lugha ya Mabano

Inashangaza kuona makala ya Kiswahili sanifu ikikatizwa na and au et al. Amri ya DefineBibliographyStrings hukuruhusu kuweka na, uk., mhariri, na wenzake. Napendelea na wenzake kuliko na wengine, kwa kuwa inaonyesha kwamba waliifanya kazi pamoja. Aidha, tofautisha amri mbili. Textcite hutoa jina nje ya mabano, hivyo linaweza kuwa kiima: Wamitila (2002) anaeleza. Parencite hufunga yote ndani ya mabano, na mabano hayawezi kubeba kitenzi.

Hitimisho

Marekebisho haya huchukua muda wa jioni moja, kisha faili ile ile ikatumika katika kila makala utakayoandika. Lakini tarakilishi haijui Muyaka ni nani wala Shaaban alifariki lini. Itachapisha kwa unadhifu mkubwa kosa lolote utakaloipa, na unadhifu huo ndio utakaomfanya mwanafunzi aliamini. Kabla ya kuujaza mwaka, basi, fungua ukurasa wa hakimiliki, ulitafute toleo la kwanza, na umfundishe mwanafunzi wako kufanya vivyo hivyo.